Mahali pa Mdiria Kutua

Mtaani walimwita Mama Manyoya, na yeye hakuchukia. Kazi yake ilikuwa kuchukua ndege aliyekufa, kumvua ngozi pamoja na manyoya yake, kuitia ngozi hiyo dawa isioze, kisha kuivisha juu ya umbo la waya na nyuzi za mbao mpaka ndege aonekane yuko hai na kwamba ukikohoa tu ataruka. Kulikuwa na watu waliomwogopa kidogo kwa ajili ya kazi hiyo. Walimpitia mbali, wakamsalimia kwa kidevu. Lakini kasuku wao akifa, hao hao ndio waliobisha hodi kwa adabu zote, boksi la viatu mkononi.

Chumba chake cha kazi kilikuwa kile cha nyuma walicholala watoto kabla hawajaoa na kuolewa. Macho ya kioo aliyaweka katika chupa za jemu, madogo kwa makubwa. Manyoya aliyachana kwa miswaki ya watoto, maana hakuna brashi ya dukani iliyo laini kiasi hicho. Pembeni palikuwa na friji ndogo yenye sheria yake: chakula hakiingii humo, na mwenye njaa asiifungue. Mumewe aliwahi kuifungua akitafuta siagi. Tangu siku hiyo mkate wake anaula mkavu, na anasema ndivyo anavyoupenda.

Mume mwenyewe alikuwa seremala, na mtaa mzima ulimwita hivyo hivyo, Seremala. Mgongo ulikuwa umemkatalia, akafunga karakana, vifaa akavileta nyumbani katika sanduku moja la bati. Ila ufundi haustaafu. Alizunguka nyumba akitafuta cha kurekebisha. Kabati lililolia alilinyamazisha, na lile lililokuwa kimya alilifungua na kulifunga mpaka likalia, ndipo akapata kazi. Miguu ya kitanda ilikwisha kukazwa mara nyingi hata mkewe akasema siku moja kitatembea.

Walijuana kupitia takataka. Enzi hizo binti alikuwa akija karakanani kuomba nyuzi zinazotoka kwenye randa, zile zilizojikunja, na kijana seremala akadhani nyumbani kwao wanafuga kuku wengi. Akawa anamwekea nyuzi nzuri peke yake, ndefu, zisizo na vumbi. Alipokuja kujua zinakwenda kujaza vifua vya kunguru na njiwa, alikuwa amekwisha kunasa. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, wala hayachagui mgonjwa.

Sasa tuseme kilichokuwa kikimnyima raha Mama Manyoya mwaka huo, maana kwa kawaida alikuwa mwanamke mwenye raha zake. Kila mwaka palifanyika mashindano ya mafundi wa kazi yake, na ndege aliyeshinda alichukuliwa na makumbusho, akawekwa katika ukumbi mkubwa, akakaa. Hilo la kukaa ndilo alilolitaka. Kazi zake zote zilikuwa katika sebule za watu, katikati ya televisheni na maua ya plastiki. Mwenye nyumba akifa, warithi huja wakagawana viti, na ndege hutupwa. Alitaka ndege mmoja tu, katika maisha yake yote, awekwe mahali ambapo watu huenda kwa makusudi kumtazama.

Mwaka uliopita alikaribia. Alipeleka mwewe, na jaji, mzee mmoja mwembamba anayetembea na tochi ndogo mfukoni, alimzunguka yule mwewe kwa muda mrefu. Kisha akainama, akakwaruza kwa ukucha tawi ambalo mwewe alikuwa amelishika. Rangi ya kijivu ikabanduka. Chini yake ikaonekana mbao nyeupe ya dukani.

"Mama," jaji alisema, "ndege wako yuko hai. Mti wake ndio unaodanganya."

Maneno hayo alirudi nayo nyumbani kama mwiba, na mwaka mzima hakupata wa kuutoa.

Safari hii alikuwa na mdiria, yule ndege mdogo wa samawati mwenye mdomo mrefu, mvuvi wa mtoni. Aliligonga dirisha la shule akafa pale pale, na mwalimu akamleta akiwa amemfunga katika leso. Mama Manyoya hakuwahi kufanya kazi nzuri kama ile. Shingo aliigeuza kidogo, kichwa kikatazama chini, kwenye maji yasiyokuwepo, na ukimtazama ulihisi kuna samaki karibu. Ndege alikuwa amekamilika. Alisimama mezani juu ya kipande cha sponji, nyaya za miguu zikiwa zimechomekwa humo, akisubiri mti.

Na mti ulikataa kupatikana. Aliutaka uliokufa zamani ukiwa nje. Mti wa namna hiyo jua huula nyama yake laini, mvua ikaiosha, ikabaki mishipa imesimama, na rangi ikawa kijivu kinachong'aa kidogo, kama nywele za bibi aliyetunzwa vizuri. Rangi hiyo haiuzwi katika kopo. Inahitaji miaka, na mashindano yalikuwa mwisho wa mwezi.

Alianza kwa muuza kuni.

"Nitafutie kuni mbovu kuliko zote ulizonazo," alimwambia.

Muuza kuni alimtazama kwa huzuni, akadhani mambo ya nyumbani yameharibika. Akamchagulia fungu zuri, kavu, akamwambia achukue tu, atalipa akijaliwa. Ilibidi Mama Manyoya aeleze habari ya ndege, na kadiri alivyoeleza ndivyo yule bwana alivyozidi kumhurumia.

Akaona nguzo ya uzio katika nyumba ya watu asiowajua, kijivu safi, yenye ufa kutoka juu mpaka chini. Akabisha hodi. Mwenye nyumba, aliposikia mtu anauliza habari za uzio wake, alidhani ametumwa na manispaa, akaanza kujitetea kwamba mpaka ni ule ule wa tangu baba yake. Kesho yake nguzo ilikuwa imepakwa rangi ya kijani. Mama Manyoya alipoipita alitamani kulia.

Mwishowe alishuka mtoni, akafuata ukingo mpaka kwenye kona ambako maji ya mafuriko hutupa mizigo yake, na huko, katikati ya chupa na ndala moja moja, akaukuta mzizi. Ulikuwa umejipinda kama mkono unaoomba kitu, mwepesi, wa kijivu toka mwanzo hadi mwisho. Aliubeba kichwani akapita nao barabarani mchana kweupe.

Mlangoni kwake alimkuta wifi yake, dada mdogo wa Seremala, mwanamke ambaye ulimi wake haukuwahi kupewa likizo.

"Wifi, kaka yangu amekushinda kumlisha hata sasa unampikia mizizi?"

"Huu ni wa kazi, wifi."

"Na sura hiyo? Heri ungeniambia ni wa kuni."

Mama Manyoya alicheka, akauweka mzizi uani juu ya matofali mawili upate upepo. Siku hiyo alikula vizuri, akalala vizuri. Hakumweleza mumewe kitu, na hapo ndipo kosa lilipozaliwa. Hakuficha. Aliona tu kwamba mti mzuri namna ile hauhitaji maelezo, kama vile hapana haja ya kumwambia mtu kwamba mchana kuna jua.

Siku iliyofuata alikwenda kumrudishia mteja kasuku wake. Mteja alimpokea kasuku, akamsemesha, akamwomba radhi kwa jambo fulani la zamani, akalia, akapika chai, na Mama Manyoya hakuweza kuondoka hadi jioni. Alipokaribia nyumbani, kabla hajafika getini, pua yake ilipata harufu ya vanishi.

Akaingia uani mbio mbio.

Seremala alikuwa amesimama na aproni yake ya zamani, nyuzi za mbao zimemfika vifundoni, uso unang'aa kwa jasho na furaha. Juu ya matofali mawili palikuwa na kitu chekundu, laini, kinachomeremeta kama mguu wa meza ya sebuleni. Ulikuwa ule mzizi. Alikuwa ameupiga randa palipopigika, patasi penye kona, msasa kila mahali, na vanishi mara mbili.

"Nilikuona unahangaika nao, mama," alisema. "Nikasema leo nimfute jasho mke wangu. Tazama ulivyokuwa umejificha ndani. Mti huu una damu!"

Na kilichomuumiza zaidi Mama Manyoya ni kwamba ulikuwa mzuri. Mikono ile ilikuwa haijapoteza kitu. Alifungua kinywa kusema asante, kikatoka kingine.

"Umeniua," alisema. "Mume wangu, umeniua."

Seremala alitabasamu kwanza, akidhani ni sifa. Kisha akamtazama vizuri.

"Nilikuwa nautaka vile vile," Mama Manyoya alisema. "Ile rangi. Ule ukavu. Jua lilikuwa limeufanyia kazi miaka na miaka, na wewe umeifuta kwa alasiri moja."

"Ulikuwa umeharibika."

"Ndiyo. Nilikuwa nautaka umeharibika."

Seremala aliutazama tena ule mzizi. Maisha yake yote watu walimletea mbao zilizoharibika, na kazi yake ilikuwa kuziondolea uharibifu. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba uharibifu waweza kuwa mali. Alivua aproni polepole. Akaokota nyuzi za mbao moja moja, akazitia katika mfuko kama alivyozoea kumwekea mkewe. Kisha akarudisha randa katika sanduku la bati, akalifunga, na kwa jinsi alivyolifunga Mama Manyoya akaogopa. Alijua kwamba mwanaume huyu akilifunga sanduku lile safari hii, halifunguliwi tena. Alimkasirikia, tena sana, na papo hapo akamwonea uchungu, na hakujua kipi akiweke mbele. Maji yakimwagika hayazoleki. Akaingia ndani akasonga ugali ambao hakuna aliyeugusa.

Wifi alipopita asubuhi na kuuona mzizi, alishika kiuno.

"Kaka, umemchukua babu wa watu ukamvalisha suti ya bwana harusi."

Hakucheka mtu. Wifi, ambaye hakuzoea kutochekewa, alikunywa chai haraka akaaga.

Mama Manyoya alikuwa akiosha vikombe alipomsikia mumewe anakohoa nyuma yake. Alikuwa amevaa kofia na viatu vya kazi. Mkononi alishika msumeno uliofungwa kwa gunia.

"Twende," alisema. "Nionyeshe huo ubaya unaoutaka. Kutengeneza kizuri najua. Kibaya nifundishe."

Waliazima gari la jirani wakaenda kwenye bwawa la zamani nje ya mji. Maji ya bwawa lile yalikuwa yamepungua, na miti iliyozama siku lilipojengwa ilikuwa imetoka tena, imesimama katika matope makavu bila gome wala jani. Kwa Mama Manyoya palikuwa kama dukani siku ya mshahara. Kwa Seremala palikuwa kama makaburini, na alivua kofia bila kujua.

Mwanzoni alikuwa mwanafunzi mzito. Aligonga shina, akalisikiliza, akaita, "Huu hapa, hauna hata ufa."

"Nataka wenye ufa, baba."

Akaenda, akarudi. "Na huu? Umenyooka."

"Mdiria hakai kwenye fimbo ya bendera."

"Sasa si useme ni wa kupinda."

"Si wa kupinda. Ni wa kupindwa."

Seremala aliguna, akaketi juu ya jiwe kupumzisha mgongo. Mama Manyoya akaja akaketi karibu. Akamshika mkono, akauweka juu ya tawi lililolala pale, upande uliotazama jua, akaupitisha polepole kufuata mishipa. Huyu mtu alikuwa amepapasa mbao tangu ujana wake akitafuta mahali palipokwaruza ili apasawazishe. Sasa kiganja kikapita juu ya mkwaruzo bila kuwa na la kufanya.

"Jua ndilo randa," Mama Manyoya alisema. "Mvua ndiyo msasa. Fundi amekwisha kupita hapa."

Seremala akapapasa tena, safari hii peke yake.

"Fundi mwenyewe hana haraka," alisema mwishowe.

Ndiye aliyelipata. Aliliona mbali, ukingoni mwa maji, akamwita mkewe kwa sauti ya chini kana kwamba litatoroka. Tawi lilikuwa limetoka matopeni mshazari, sehemu ya juu ya kijivu kinachong'aa, ya chini nyeusi, na katikati mstari mwembamba mweupe ambapo maji yalikuwa yakiishia mwaka hadi mwaka. Lilikuwa na ufa, kichomozo kimoja cha kukalia ndege, na njia za konokono zilizokauka. Mama Manyoya alimtazama mumewe, na mumewe akajua amepata alama zote.

Palikuwa na donge la udongo ubavuni mwa tawi. Mkono wa Seremala ukaenda wenyewe kulibandua, ukafika nusu ya safari, ukasimama. Akautia mfukoni. Kisha akachukua msumeno, akakata chini kabisa, pale ambapo pangefichwa na kitako cha kulisimamishia, mkato mmoja ulionyooka kama uzi, kwa kuwa hapo alikuwa nyumbani kwake.

Siku zilizofuata zilikuwa za mateso kwa Seremala, na za raha kwa mkewe. Tawi liliwekwa chumba cha kazi. Seremala alipita mlangoni, akarudi, akapita tena. Asubuhi moja aliingia akamkabidhi mkewe bahasha.

"Ni nini?"

"Msasa. Wote ulionisalia. Uufiche, na usiniambie wapi."

Alimfanyia kitako cha mbao nene, kilichochimbwa tundu ambamo mkato wa tawi uliingia wote ukapotea, na kukizunguka Mama Manyoya akamwaga changarawe na matope ya bwawani. Likabaki jambo la kutoboa. Nyaya za miguu ya ndege lazima zipite ndani ya mti, na mti mkavu ukiutoboa vibaya hupasuka, na mashindano yangekwisha hapo. Mama Manyoya alitoka nje, hakuweza kutazama. Alisimama uani akisikia keekee ya mkono ikizunguka, ikisimama, ikizunguka. Kisha kimya. Kisha mumewe akasema kutoka ndani, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mlete mgeni wako akae."

Siku ya mashindano ukumbi ulijaa meza na harufu ya dawa. Kulikuwa na bata, bundi, tausi mwenye mkia uliohitaji meza mbili. Mdiria alionekana mdogo kati yao, na Mama Manyoya alijikaza. Seremala alisimama nyuma yake na suti yake moja, mikono yote miwili mfukoni.

Jaji mwembamba alifika. Alimmulika mdiria kwa tochi, akatazama macho, akatazama shingo, akaitikia kwa kichwa taratibu. Kisha akainama kwenye tawi. Jaji alilikwaruza kwa ukucha. Akatazama ukucha wake. Akakwaruza tena upande wa chini, akaupitisha mwanga katika ufa, akafuata ule mstari mweupe wa maji mpaka ulikoishia, akatafuta mahali tawi lilipokatwa na hakupapata. Alipoinuka, magoti yake yalilia.

"Mwaka jana nilikwambia mti wako unadanganya," alisema.

"Ulisema, mzee."

"Mwaka huu nimeutafuta uongo, sikuuona." Akawaita wasaidizi wake waje watazame, akawaambia watu wa makumbusho waanze kutafuta nafasi ukumbini. Mama Manyoya alisikia maneno hayo kwa mbali kidogo, kama mtu anayeitwa akiwa usingizini. Alishika ukingo wa meza, machozi yakamlenga, na hakuyaonea haya.

Jaji alikuwa bado akilitazama tawi. "Ndege ni kazi yako, najua mkono wako," alisema. "Lakini mti huu alikushughulikia nani? Huyu ni fundi mwingine."

Mama Manyoya alisogea pembeni ili mumewe aonekane. Seremala alitoa mikono mfukoni, akaiangalia, kisha akaiangalia ile mbao ya kijivu yenye mikwaruzo yake yote na donge lake la udongo ubavuni.

"Nilitoboa matundu mawili tu," alisema. "Kwingine sikugusa." Na aliyasema hayo huku amenyoosha mgongo wake mbovu, kwa majivuno ambayo mkewe hakuwahi kuyasikia alipokuwa akizungumzia meza, milango, wala makabati yote aliyoyatengeneza tangu ujana.